Bustani Inazungumza Saa Ngapi?

Ukipanda basi asubuhi pale stendi ya Misuna, Singida mjini, wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, usishangae jirani yako wa kiti akikuambia anakwenda Nzuguni. Nzuguni ipo pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande wa barabara ya Morogoro, na ndiko yanakofanyika maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kati, yaani Dodoma na Singida kwa pamoja. Watu wanakwenda kuona madume ya ng'ombe, kununua miche, kula nyama choma na kupiga picha kwenye mabanda ya halmashauri zao.

Lakini kuna sehemu moja ambayo wengi wetu tunaipita haraka: vipando. Ni vitalu vidogo vya mazao vilivyopangwa kwa mistari, kila kimoja na kibao chake. Hapa mtama, pale uwele, kule alizeti, mbele kidogo vitunguu na mchicha. Pembeni amesimama afisa ugani mwenye fimbo ya kuelekezea, anaeleza kwa nini mstari huu umestawi na ule umedumaa. Watu wanasimama dakika kumi, wanauliza swali moja au mawili, wanaondoka. Wengine wanakuja, naye anaanza upya.

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo pengine hujalifikiria. Kile kipando na yule mtu mwenye fimbo ni ndugu wa karibu wa kitu kinachofanyika kwenye miji mingi duniani: mazungumzo ya bustani ya saa ya chakula cha mchana. Huko, bustani ya mimea ya mji hutenga muda mfupi katikati ya siku, bila kiingilio. Karani anatoka ofisini na mkate wake, anakaa kwenye nyasi, mtunza bustani anamweleza namna ya kupogoa mwembe au kutengeneza mboji, kisha kila mtu anarudi kazini. Hakuna mtihani wala cheti. Ni mmea, mtu anayeujua, na mtu anayetaka kuujua.

Sisi Singida hatuna bustani ya mimea. Ila tuna historia ndefu, kama nchi, ya kujaribu kuwaeleza watu habari za mimea, na historia hiyo ina somo moja ambalo nataka tulifuate hatua kwa hatua. Somo lenyewe ni hili: saa na lugha ya mazungumzo ndivyo vinavyochagua msikilizaji. Ukitaka kujua bustani ni ya nani, usiangalie uzio wake. Uliza inazungumza saa ngapi, na kwa lugha gani.

Bustani iliyoanza kama darasa

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1545, Baraza la Seneti la Venisi lilikubali ianzishwe bustani ya mimea ya dawa katika mji wa Padua, Italia, chini ya chuo kikuu cha pale. Bustani hiyo ipo mpaka leo mahali pale pale.

Kwa nini chuo kilitaka bustani? Dawa nyingi za wakati ule zilitokana na mimea, na wanafunzi wa udaktari walikuwa wanaisoma kwenye vitabu vya kale tu. Kitabu kilisema jani la namna fulani, mwenye duka la dawa akauza jani la namna nyingine, mgonjwa akanywa. Makosa yalikuwa mengi na udanganyifu ulikuwa mwingi. Profesa Francesco Bonafede, aliyekuwa anafundisha habari za mimea ya dawa, alidai wanafunzi waonyeshwe mmea wenyewe. Hebu fikiria mkulima wa Ikungi aliyeuziwa mbegu feki kwenye pakiti nzuri, utaona kwamba tatizo lile halijazeeka.

Jambo moja la kuchekesha ni kwamba mimea ya dawa ilikuwa na thamani kubwa, wezi wakawa wanaingia usiku. Ilipofika mwaka 1552 bustani ikajengewa ukuta wa duara. Kwa hiyo bustani ya darasa ikawa pia bustani ya ukuta, na swali la nani aingie likaanza hapo hapo.

Paris ndiko lilikojibiwa kwa namna mpya. Mganga wa mfalme, Guy de La Brosse, alisimamia kuanzishwa kwa bustani ya kifalme ya mimea ya dawa, ikafunguliwa kwa watu mwaka 1640. Pale yalitolewa mafunzo ya mimea, kemia na anatomia bila malipo, na mtu yeyote aliruhusiwa kuja kusikiliza. Tena mafunzo hayo yalitolewa kwa Kifaransa, lugha ya watu wa mtaani, wakati chuo kikuu cha mji ule kilikuwa kinafundisha kwa Kilatini. Wakubwa wa kitivo cha udaktari hawakufurahi hata kidogo. Lakini mlango ulishafunguliwa, na mazungumzo yote ya bustani unayoyasikia leo, pamoja na yale ya saa ya chakula cha mchana, yanapita kwenye mlango ule.

Mambo mawili, basi, uyaweke akilini: bila malipo, na kwa lugha ya msikilizaji. Sasa tuje nyumbani.

Bustani za Wajerumani

Mwaka 1893, Wajerumani walianzisha bustani ya majaribio ya mimea Dar es Salaam. Bado ipo, ingawa imepunguzwa sana, jirani na Makumbusho ya Taifa. Ukiwa mjini kwa shughuli zako, pita ukapumzike kivulini. Haikuanzishwa kwa ajili ya kivuli, hata hivyo. Ilianzishwa kujibu swali la biashara: ni mmea gani wa kigeni utakaoota hapa na kuuzwa Ulaya?

Mwaka huo huo wa 1893, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza vichipukizi vya mkonge 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, kupitia Hamburg, na vilivyofika hai Tanga vilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye vile 62 likazaliwa zao lililoifanya Tanganyika baadaye kuwa mzalishaji mkubwa wa katani kuliko nchi zote duniani. Mche mmoja mmoja ukahesabiwa na kutunzwa kama mtoto mchanga. Hiyo ndiyo nguvu ya bustani: mimea michache, ikipata mtu wa kuitazama kila siku, inaweza kubadilisha uchumi wa nchi nzima.

Mwaka 1902 ikaja kazi kubwa zaidi: taasisi ya utafiti ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Walipanda miti na mazao kutoka pande zote za tropiki: mpira, kwinini, kahawa, viungo, mbao. Amani ikajulikana kama moja ya vituo bora vya sayansi ya mimea barani Afrika wakati ule.

Je, Amani ilikuwa inazungumza na nani? Jibu lipo kwenye jarida lake, lililoanza kutoka mwaka 1905. Liliitwa Der Pflanzer, maana yake mwenye shamba kubwa la mazao ya biashara, yaani setla. Liliandikwa kwa Kijerumani. Waliochimba mashimo, waliomwagilia, walioijua milima ile na majina ya miti yake ya asili walikuwa wenyeji wa Usambara, lakini hawakuwa wasomaji wanaolengwa. Walikuwa ndani ya bustani kila siku kuanzia asubuhi, wakiwa vibarua. Saa ya mazungumzo haikuwa yao.

Mhogo uliokwenda na kurudi

Usinielewe vibaya. Sisemi Amani haikumfaa Mwafrika. Ilimfaa sana, ila kwa njia ndefu mno, na hadithi hii inastahili kusimuliwa kwenye kila kipando cha mihogo.

Kati ya mimea iliyoletwa na Wajerumani kulikuwa na mti wa mpira kutoka Brazili, ambao kisayansi unaitwa Manihot glaziovii. Ukisikia Manihot, jua ni ukoo mmoja na mhogo wetu, Manihot esculenta. Ni binamu yake wa porini. Mashamba ya mpira huo yalistawi kwa miaka michache, kisha mwaka 1913 bei ikaanguka kwa sababu ya mpira mwingi wa Asia, yakatelekezwa. Miti ikabaki.

Miaka ya 1930, chini ya Waingereza, Amani ilikuwa inapambana na batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya mhogo na kuyatia madoa ya njano mpaka mizizi inadumaa. Virusi hao hubebwa na inzi weupe, na husafiri pia ndani ya vipande vya shina ambavyo mkulima anavikata kwa ajili ya kupanda msimu ujao. Watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols waligundua kwamba yule binamu wa porini anavumilia batobato. Wakachavusha kwa mkono, poleni ya mmoja kwenye ua la mwingine. Mtoto wa kwanza alikuwa mgumu kwa ugonjwa lakini mizizi yake haikufaa kuliwa. Wakamrudisha kwa mhogo, mara kadhaa, kizazi baada ya kizazi, wakichagua wale wenye mizizi ya baba na uvumilivu wa binamu.

Kizazi cha mihogo ile kilipelekwa Nigeria. Kuanzia miaka ya 1970, taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, pale Ibadan, ilikitumia kuzalisha aina mpya zilizosambaa Afrika nzima. Miaka ya 1990, batobato kali ilipoteketeza mihogo ya Uganda na kusogea kanda ya Ziwa Viktoria, aina zenye damu hiyo ya Amani zilikuwa sehemu kubwa ya jibu.

Angalia njia ilivyokwenda: kutoka Brazili mpaka Usambara, Usambara mpaka Ibadan, Ibadan mpaka Uganda. Sayansi ilikuwa nzuri. Lakini mkulima wa Tanganyika wa miaka ya 1940 alisikia nini kuhusu utafiti huu uliofanyika nchini mwake? Kwa kawaida, alichosikia ilikuwa amri: panda mihogo, kila kaya kiasi fulani, akiba ya njaa.

Amri na mazungumzo

Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Watu wa katikati ya nchi hawakuhitaji kuelezwa na mtu kwamba njaa ipo. Mababu wa Ugogo, ikiwemo Manyoni yetu, walipita kwenye Mtunya, njaa ya kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuu ya kwanza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua ikakata. Kwa hiyo wazo la akiba ya chakula halikuwa geni. Kilichokosekana ni nafasi ya kuuliza: kwa nini mhogo na siyo uwele? Kwa nini shamba hili? Nani atalinda dhidi ya nguruwe?

Baada ya vita kuu ya pili, serikali ya kikoloni iliongeza amri: matuta ya kuzuia mmomonyoko, kupunguza mifugo, kilimo cha mistari. Nyingine zilikuwa na sayansi ya kweli ndani yake. Mmomonyoko upo, hata leo ukisimama kwenye makorongo ya Iramba unauona kwa macho. Lakini pale Uluguru, mwaka 1955, watu waligoma kuchimba matuta, mradi ukaachwa. Kazi ilikuwa nyingi, faida haikuonekana, na aliyekosa alitozwa faini. Maelezo yakishafuatwa na faini, hayo siyo maelezo tena.

Unaona tofauti na bustani ya Paris? Kule mtu alikuja kwa hiari yake, saa aliyoweza, akasikia kwa lugha yake. Huku bwana shamba alikuja saa aliyotaka yeye, na karatasi ya amri mkononi. Mpaka leo kuna wazee ambao wakimwona afisa ugani anakata kona na pikipiki, jambo la kwanza wanalojiuliza ni: amekuja kudai nini?

Jioni, redio na kitabu kimoja

Uhuru ulipokuja, nchi ilikuwa na wataalamu wachache na watu wengi wasiojua kusoma. Mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Swali likawa: utawafundishaje mamilioni ya watu bila walimu wala madarasa?

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaja na jibu ambalo mpaka leo linasomwa katika vyuo vya nchi nyingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, wiki 12, iliyoshirikisha watu wapatao milioni 2. Mwaka 1975, baada ya ukame mkali, ikafuata Chakula ni Uhai, iliyowafikia watu wapatao milioni 1.5. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali, kuhusu miti.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Watu wa jirani wanaunda kikundi. Kikundi kina kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi, kina redio, na kina kitabu. Siku ya kipindi wanakutana, wanasikiliza matangazo ya Radio Tanzania, kisha anayejua kusoma anasoma sura ya wiki ile kwa sauti. Halafu redio inazimwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Redio ikishazimwa, watu wanajadili: hapa kwetu hali ikoje, tufanye nini, nani aanze. Kikundi kinaamua kuchimba choo, kulima bustani ya mboga, kufuga kuku vizuri zaidi.

Mtaalamu alibaki Dar es Salaam. Kilichofika kijijini ni sauti yake tu, kwa Kiswahili, na uamuzi ukabaki kwa waliokaa chini ya mti. Ukipenda, ile ilikuwa bustani ya mimea isiyo na mahali: mmea wa kuuzungumzia ulikuwa ule ule uliopo nyuma ya nyumba yako.

Tusiipambe historia, lakini. Miaka ile ile, Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha watu, mara nyingi kwa nguvu, na nyumba zilivunjwa. Serikali moja ilikuwa inazungumza na mkulima redioni na huku inamwamuru barabarani. Na pale kampeni ilipokwisha, wiki 12 zikiisha, vikundi vingi vilikwisha nazo. Mazungumzo yasiyo na saa ya kudumu hukauka kama mlenda juani, tofauti ni kwamba mlenda ukikauka bado unaliwa.

Turudi Nzuguni

Zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Miaka ya 1990 wakulima wakahamishiwa tarehe 8 Agosti, Saba Saba ikabaki ya wafanyabiashara. Kwa hiyo Nane Nane unayoijua ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kwa macho ya historia tuliyopitia, kipando cha Nzuguni kina mazuri yake. Mmea upo mbele yako, kama Padua. Maelezo ni kwa Kiswahili, kama Paris kwa Kifaransa. Hakuna faini. Ukikaa kwenye kipando cha alizeti utaelezwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, na utaona mwenyewe vichwa vinavyobanana vinavyokuwa vidogo. Utaelezwa kwamba alizeti inahitaji nyuki ili ijaze punje vizuri, jambo ambalo kwa mkoa wa asali kama Singida ni habari njema mara mbili. Utaelezwa kwamba mbegu chotara ukiirudia mwakani mimea haitafanana, wakati mbegu ya kawaida kama Record unaweza kuiweka ukichagua vichwa vizuri.

Lakini tuangalie kalenda. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, na mvua yenyewe ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Agosti ni kiangazi kikavu. Kwa maana hiyo, kila jani la kijani unaloliona Nzuguni limeota kwa maji ya kumwagilia. Mahindi yale yaliyokuvutia hayajui mvua inayokata Februari, wiki tatu mfululizo, mimea ikiwa inatoa maua. Uwele, ambao shambani kwetu ndio unaosimama hata mvua ikikata, pale unaonekana mmea wa kawaida tu kando ya mahindi yaliyonenepa. Kipando hakidanganyi, ila kinajibu swali ambalo mkulima wa Ikungi hajauliza.

Halafu kuna swali la nani amefika. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, mahali pa kulala: anayemudu ni mtu mwenye fedha kidogo mfukoni na mtu wa kumwachia nyumba. Mara nyingi si yule mama anayepalilia shamba lenyewe. Tusidhani mazungumzo ya saa saba mchana yangekuwa dawa. Saa saba mchana inamfaa karani wa mjini kwa sababu kuna mtu mwingine anayempikia. Kijijini, saa hiyo ndiyo mama yupo jikoni na moshi machoni. Ukiitisha mkutano wa bustani saa ya chakula, umewaalika walaji, wapishi umewaacha.

Ndiyo maana shamba darasa lilipobuniwa huko Indonesia mwaka 1989, kwa ajili ya wakulima wa mpunga, lilibadilisha ratiba kabla ya kubadilisha somo. Kikundi cha wakulima kama 25 hukutana kila wiki, msimu mzima, kwenye shamba la mwenzao, saa waliyoipanga wenyewe. Wanahesabu wadudu kwenye shina, wanachora walichokiona, wanabishana, wanaamua. Mtaalamu anauliza maswali zaidi ya kujibu. Mfumo huo umeshafika Tanzania, na pale unapofanywa kweli, siyo kibao tu kando ya barabara, unaunganisha vitu viwili tulivyoviona: mmea halisi wa Padua na redio iliyozimwa ya mwaka 1973.

Bustani ambayo Singida tayari inayo

Nimesema hatuna bustani ya mimea. Sasa niiongezee sentensi hiyo kidogo: hatuna iliyojengwa.

Ukitoka Manyoni kwenda Itigi na kuendelea magharibi, unapita kwenye vichaka ambavyo wataalamu wa mimea duniani wanavijua kwa jina la Itigi. Ni vichaka mnene vya mita tatu mpaka tano, matawi yamesukana kiasi kwamba mtu mzima hapenyi bila panga. Kiangazi vinapukutisha majani yote, mvua ikija vinageuka ukuta wa kijani. Uoto wa aina hii unapatikana sehemu chache mno: hapa kwetu, na kule kaskazini mwa Zambia, karibu na Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya upande wa Zambia imeshafyekwa. Huku kwetu nako, mkaa na mashamba mapya yanavimega mwaka hadi mwaka.

Aliyevieleza vichaka hivi kwa undani kwenye maandishi ya sayansi ni Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea wa Idara ya Utafiti wa Mbung'o iliyokuwa na makao Shinyanga. Alitembea sehemu kubwa ya nchi akikusanya sampuli, na mmoja wa mimea ya Itigi, Baphia burttii, umebeba jina lake. Mwaka 1938 alifariki kwa ajali ya ndege pamoja na mkuu wake, C. F. M. Swynnerton. Makala yake kuhusu uoto wa Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1942, akiwa ameshazikwa, kwa Kiingereza, katika jarida la wanaikolojia.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma kidogo. Maarifa ya Burtt yapo kwenye maktaba, kwa lugha ambayo mchoma mkaa wa Itigi hawezi kuisoma. Maarifa ya mzee wa Kigogo, Kinyaturu au Kinyiramba yapo kichwani mwake: mti gani unachipua ukikatwa na upi unakufa, ua gani nyuki wanalipenda, mzizi gani ni dawa na upi ni sumu. Wahadzabe wa Mkalama wanajua mizizi na mibuyu kwa undani ambao mimi na shahada yangu ya uzamili siufikii. Burtt na mzee hawajawahi kukaa kivuli kimoja. Mzee akiondoka, anaondoka na upande wake. Kichaka kikifyekwa, wote wawili wanabaki wanazungumzia kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo kama kuna mtu wa halmashauri, mwalimu wa sekondari au mwanafunzi wa chuo anayesoma hapa na anatamani Singida iwe na bustani yake, asisubiri fedha za jengo. Padua ilianza na mmea na mtu wa kuuonyesha. Chagua kichaka kimoja karibu na shule. Weka vibao vyenye majina matatu: la kisayansi, la Kiswahili na la lugha ya pale. Mwalike mzee na mwanafunzi wa botania wasimame pamoja. Halafu, kabla ya kutangaza, waulize akina mama, wafugaji na vijana wa bodaboda: saa ngapi mna nafasi? Labda watasema siku ya mnada, asubuhi, kabla ng'ombe hawajaanza kuuzwa. Labda Jumapili baada ya ibada. Labda usiku kupitia redio ya jamii, kila mtu akiwa kwake. Jibu lolote watakalotoa ndiyo saa yenyewe.

Na wewe msomaji, Agosti ukifika Nzuguni, usipite haraka. Simama kwenye kipando cha zao lako na umuulize yule mwenye fimbo maswali matatu. Maji haya yametoka wapi, na bila maji haya zao lingekuwaje? Mbegu hii nikiiweka, mwakani itanipa nini? Na wewe mwenyewe, au mwenzako, unapatikana wapi mwezi wa Februari mvua ikikata? Maafisa ugani wengi wanaipenda kazi yao na watafurahi kuulizwa. Hilo swali la tatu ndilo zito zaidi, maana jibu lake litakuonyesha kama umekutana na bustani inayozungumza mwaka mzima, au na ile inayozungumza wiki moja tu, watu wa mbali wakiwa wamekuja.